Mstari Nilioruka

Prufu husomwa na watu wawili. Mmoja anashika mswada, zile karatasi za mwenye kitabu, na kusoma kwa sauti kila kilichomo, hadi koma na nukta. Wa pili anashika prufu yenyewe, karatasi iliyotoka mtamboni, na kuifuata kwa kalamu nyekundu. Sauti na karatasi zikipishana, anasema "Simama," na kazi inasimama mpaka kosa liwekewe alama. Ukurasa ukiisha, wote wawili wanatia sahihi chini. Mimi na mwenzangu tulifanya kazi hiyo kwenye meza moja kwa miaka kumi na tisa.

Mimi nilikuwa msomaji. Kwa kuwa kutwa nzima kinywa changu kilitamka koma, watu wa mitambo waliniita Koma. Yeye walimwita Nukta, kwa sababu akishasema jambo hakuna wa kuongeza. "Koma na Nukta wamefika," walisema asubuhi, "sasa sentensi inaweza kuanza." Tulizoea. Hata mke wa Nukta alimwita hivyo mbele za watu, na mimi nilimwita mke huyo Shemeji ingawa hatuna undugu wa damu. Nimekula kwake mara nyingi kuliko kwa ndugu zangu.

Niseme pia nilikotoka, maana bila hilo hutaelewa nilichokifanya. Niliingia kiwanda cha uchapaji nikiwa mfagiaji. Kazi yangu ilikuwa kuzoa vipande vya karatasi chini ya mashine ya kukatia, na herufi nilizozijua zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Nikiwa na miaka thelathini na moja nikajiandikisha shule ya jioni. Miaka sita nilikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia kidevu. Nilipopandishwa kwenye chumba cha usahihishaji, meneja alinipa mkono mbele ya watu. Sina shamba wala nyumba ya ghorofa. Nina jina la mtu asiyepitisha kosa, basi.

Macho ya Nukta yalianza kuharibika mwaka ule tulipokuwa tukichapa vitabu vya shule. Kwanza alilaumu taa. Alipanda juu ya kiti akabadilisha balbu mwenyewe. Kisha akanunua miwani kwa wauza miwani wa barabarani, jozi tatu kwa zamu, kila moja nzito kuliko iliyotangulia. Mwishowe siku moja nilisoma sentensi ambayo kwenye prufu ilikosa maneno mawili mazima. Niliona pengo lile kwa jicho la pembeni, kutoka upande wangu wa meza. Kalamu yake ilipita pale bila kusita. Nikanyamaza. Hakuinua kichwa.

"Soma tu, kaka," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ukiona kitu, nigonge mguu."

Ndivyo tulivyofanya kwa miaka mitatu. Nilisogeza kiti changu nikaweza kuona karatasi zote mbili. Nilisoma, nikaona kosa, nikamgonga kifundo cha mguu chini ya meza, naye akapaza sauti chumba kizima kisikie: "Simama!" Akachora duara pembeni, kubwa, popote mkono ulipofika. Wakati wa chai wenzetu wakitoka, mimi nilibaki nikiyafuta maduara yake na kuweka alama mahali pake, halafu nikausoma ukurasa upya peke yangu. Ukurasa ukiisha nilikishika kidole chake cha shahada nikakiweka kwenye mstari wa sahihi. Sahihi yake haikuwahi kupinda.

"Nenda hospitali," nilimwambia zaidi ya mara moja.

"Nikienda kutatoka karatasi. Karatasi itafika kwa daktari wa kiwanda, na daktari wa kiwanda atanirudisha nyumbani kesho yake. Niache nimalizie kwa heshima. Wewe ungekubali kutolewa kwa mlango wa nyuma?"

Nisingekubali. Kwa hiyo sikumwambia tena.

Tulistaafu siku moja. Kila mmoja alipewa cheti cha utumishi usio na dosari. Changu nilikitilia fremu, nikakitundika juu ya redio. Mwezi uliofuata Nukta akaanza kupokea pensheni ya uzeeni, kama mimi, na ndipo alipokwenda kwa daktari wa macho, sasa hana wa kumwogopa. Alikwenda polepole, maana hakuona haraka. Karatasi ya daktari ilitoka miezi minne baada ya pensheni kuanza. Ilisema hataona tena.

Mwaka mmoja walikaa hivyo, yeye na Shemeji. Shemeji alikuwa ndiye macho: alimvalisha soksi za rangi moja, alimshika mkono barabarani, alimwambia chumvi iko wapi. Alifunga uzi mnene wa kushonea kutoka nguzo ya kitanda hadi mlango wa choo, ili Nukta aufuate kwa mkono. Halafu Shemeji akateleza bafuni, nyonga ikavunjika. Aliunganishwa, akarudi nyumbani na fimbo, na daktari akamwonya asisimame sana wala asibebe uzito wa mtu mwingine.

Njia zilibaki mbili. Kuna posho ya ulemavu, ambayo humlipa mtu wa kumsaidia asiyejiweza, aje asubuhi na kuondoka jioni. Wakiipata, wangebaki kwao. Wasipoipata, Nukta ataenda kwa mpwa wake, seremala, mji mwingine kabisa, mwenye chumba kimoja cha uani kinachomtosha mtu mmoja. Na Shemeji atachukuliwa na dada yake, upande mwingine. Miaka arobaini na moja walikuwa wamelala kitanda kimoja.

Nilimpeleka ofisi ya pensheni mimi. Alitembea nyuma yangu kidogo, mkono wake begani kwangu. Kwenye dirisha la tatu alikuwepo dada mmoja mwenye sweta ya kijani na mafua.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba," Nukta alimjibu. "Nimekuja kuomba ile posho. Mimi sioni."

Yule ofisa akafungua faili lake kwenye kompyuta, akapenga kamasi, akakunja uso kama mtu anayejua atakachosema hakitapendwa. "Mzee, hapa naona unalipwa pensheni ya uzeeni tangu mwaka juzi. Hapo ndipo penye shida. Mtu aliyekwisha kuanza kulipwa pensheni ya uzeeni..."

"... hataruhusiwa kufungua ombi jipya la posho ya ulemavu, koma," Nukta akadakia, "isipokuwa athibitishe kwamba ulemavu huo ulikuwepo kabla ya malipo ya kwanza ya pensheni, nukta."

Ofisa akabaki na kitambaa puani. "Umejuaje, mzee?"

"Kijitabu chenu tulikichapa sisi. Huyu hapa ndiye aliyenisomea."

Nami nikakikumbuka: kurasa kumi na mbili, jalada la bluu. Kwenye ukurasa ule ule nilimgonga mguu mara mbili.

"Sasa ulipokisikia hukufikiri kinakuhusu?"

"Binti yangu, msahihishaji hasikilizi maneno. Anawinda makosa. Ungenisomea hati yangu ya kufa, ningekuuliza tu kama tarehe iko sawa."

Alicheka, kisha akaona aibu kwamba amecheka. Alitueleza taratibu, kama mtu anayewaeleza wazazi wake. Kama Nukta angeleta karatasi ya daktari hata siku moja kabla ya malipo ya kwanza, leo angekuwa anapokea vyote viwili. Karatasi aliyonayo imechelewa miezi minne, na daktari ameandika tu kwamba hali hiyo "inaonekana ni ya muda mrefu", hakuthubutu kutaja mwaka. Ilibaki njia moja: maelezo ya maandishi ya mtu aliyefanya naye kazi kwa karibu, kwamba kabla ya tarehe hiyo alikuwa hawezi tena kazi yake bila macho ya mwingine. Nukta atie sahihi kila ukurasa kuonyesha kwamba amesomewa na amekubali.

"Huyo shahidi aseme alichokiona," alisema akinitazama mimi. "Asipambe."

Nje tulisimama kwenye kivuli cha ukuta. "Utaandika?" Nukta aliniuliza.

"Nitaandika."

"Andika kwamba nilikuwa kipofu. Neno lenyewe. Usinionee haya."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Niliandika siku nne, asubuhi, mezani kwangu chini ya kile cheti. Niliandika kila kitu: balbu, miwani ya barabarani, pengo la maneno mawili, mguu, maduara, kidole kwenye mstari. Karatasi mbili safi. Nilipomaliza nikazisoma kama atakavyozisoma mgeni, na mgeni yule aliniambia jambo nisilopenda. Aliniambia: kumbe miaka mitatu vitabu vya watoto, fomu za hospitali, sheria za nchi, vyote vilipita kwa sahihi ya kipofu, na huyu Koma anayejidai alijua na akanyamaza. Nikainua macho kwenye fremu. Utumishi usio na dosari. Nikachukua kalamu nikaongeza mstari mmoja chini kabisa:

"Pamoja na hayo, katika miaka hiyo mitatu hakuna kosa lililopita chini ya sahihi zetu mbili, na kazi yake ilikuwa kamili kama ya mtu yeyote mwenye macho."

Nilijiambia namheshimu rafiki yangu. Kuandika kwamba kazi yote niliifanya mimi kungemfanya aonekane kupe.

Binti yangu ni muuguzi, na Jumamosi huja kunifulia mapazia. Nilimpa asome. Alisoma amesimama, mikono imelowa, akizishika karatasi kwa ncha za vidole.

"Baba, huu mstari wa mwisho wa nini?"

"Ni ukweli."

"Juu umesema haoni. Chini umesema anafanya kazi kama anayeona. Mtu wa dirishani ashike lipi?"

"Ashike yote. Ndiyo maana ya kusoma."

"Wale hawasomi kama nyinyi, Baba. Wana mafaili mia mezani, wanatafuta pa kupigia muhuri. Ufute."

"Wewe huijui kazi hii."

"Kazi siijui. Watu wa maofisini nawajua, nakutana nao kila siku." Akaziweka karatasi juu ya redio, akarudi kwenye beseni. Nikamsikia akisema, kwa sauti ya marehemu mama yake, "Haya. Mzee Koma hakomi."

Jumatatu nilikwenda kwa Nukta. Sofa walikuwa wameisogeza ukutani ili apate njia. Shemeji alikaa dirishani, mguu juu ya kigoda, akimenya viazi. Nukta alikuwa mezani tayari, amenyoa, na kalamu mkononi.

"Anza," alisema. "Na usome kama kazini."

Nikasoma kama kazini, koma kwa koma. Alisikiliza akitingisha kichwa. Nilipofika kwenye maduara akatabasamu. "Kwani hayakuwa yakifika?"

"Mengine yalitoka nje ya karatasi. Meza ile ina maduara yako mpaka leo."

Shemeji alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aanguke.

Nikafika kwenye mstari wa mwisho. Niliuona, na niliuona uso wa Nukta, na nikajua atakachosema. Atasema, "Toa hiyo." Nukta hakuwahi kuacha neno la ziada likae, na akisema toa, lazima nitoe. Basi nikasoma mstari wa juu yake, nikatamka nukta, nikasema, "Mwisho."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

"Imekaa vizuri, kaka. Sikujua kama uliona yote hayo."

Msomaji anaweza kukosea neno, na mwenzake atamshika. Akiruka mstari mbele ya mtu asiye na karatasi, hakuna wa kumshika. Nilikishika kidole chake, nikakiweka chini ya maneno ambayo hakuyasikia, akatia sahihi. Haikupinda.

Tulingoja wiki saba. Kwenye wiki ya nane Shemeji akanipigia simu. Bahasha imefika, na Nukta hataki ifunguliwe mpaka nifike. Shemeji anajua kusoma, lakini Nukta alisema barua ya ofisi ina sauti yake, na sauti hiyo ni yangu.

Niliifungua kwa kisu cha jikoni. Macho yangu yalikwisha kushuka hadi chini kabla mdomo haujaanza, ndivyo yalivyozoezwa. Kwa hiyo nilijua. Ningeweza kuruka tena. Nilikuwa nimeshika karatasi mbele ya mtu asiyeona na mke wake aliyekaa mbali dirishani, na sababu ya kukataa ningeweza kuitunga yoyote: tarehe, muhuri, daktari.

Nilisoma. "Ofisi imelichunguza ombi lako, koma, na inasikitika kwamba haikuweza kulikubali, nukta. Shahidi wako mwenyewe ameeleza kwamba, fungua nukuu, kazi yake ilikuwa kamili kama ya mtu yeyote mwenye macho, funga nukuu, nukta. Kwa hiyo haikuthibitika kwamba ulemavu ulikuwepo kabla ya malipo ya kwanza ya pensheni, nukta. Uamuzi huu ni wa mwisho, nukta."

Shemeji aliangalia karatasi, akanitazama mimi, akaangalia karatasi tena.

"Rudia hapo kwenye nukuu," Nukta akasema.

Nikarudia.

"Maneno ya nani?"

"Yangu."

"Yalikuwepo kwenye zile karatasi nilizotia sahihi?"

"Yalikuwepo."

"Hukunisomea."

"Sikukusomea."

"Shemeji!" mke wake akasema. "Wewe? Wewe wa kutufanyia hivi?" Alitaka kuinuka, fimbo ikaanguka, nami nikainama kuiokota. "Usiiguse," akaniambia.

"Mwache," Nukta akasema. "Hajamaliza barua. Bado tarehe na jina la mtia sahihi."

Nikasoma tarehe. Nikasoma jina na cheo.

Kesho yake nilikuwa dirisha la tatu kabla hawajafungua, na maelezo mapya mkononi, mstari ule umeondolewa na pahali pake nimeandika yaliyobaki: kwamba kazi ile niliifanya mimi kwa macho yangu, saa za chai, miaka mitatu. Yule dada aliyasoma yote. Alisoma vizuri, neno kwa neno. Binti yangu alikuwa amemkosea.

"Mzee wangu, shahidi mmoja, maelezo mawili. Wakubwa watasema haya ya pili yamepikwa."

"Haya ya pili ndiyo kweli."

"Na yale ya kwanza?"

"Nayo ni kweli."

Akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa adabu. "Nilikuambia usipambe, mzee."

Siku ya kuondoka Nukta, mpwa wake alikuja na pikapu. Shemeji alikuwa ameshachukuliwa na dada yake asubuhi ile. Alikuwa amemfungia Nukta nguo zake kwenye sanduku, soksi mbili mbili, kila jozi na pini yake, kisha akakata ule uzi wa kitandani na kuuzungushia kwenye kibao, kwa vile uzi ule bado ulifaa. Nukta aliomba wampitishe kwangu. Nilimsikia akishuka garini, fimbo mpya ikigonga ngazi za mlangoni. Akaketi chini ya fremu bila kuambiwa kiti kiko wapi.

"Kile cheti bado kipo ukutani?"

"Kipo."

"Changu, Shemeji yako amekitumia kufungia glasi, zisivunjike njiani." Aliinua kidevu kuelekea ukutani. "Nisomee chako."

Nikakishusha. Nikasoma jina langu, miaka yangu, maneno yote ya meneja, koma na nukta zake, hadi tarehe.

"Hujaruka kitu?"

"Sijaruka."

"Haya," akasema.

Honi ikapigwa nje. Alisimama. Nikaenda nikasimama mbele yake, nikageuka, nikashusha bega kidogo kama siku zote. Mkono wake ulipita kando yangu, ukagusa ukuta pale penye doa jeupe la fremu, kisha akaufuata ukuta hadi mlangoni.